Aprili ya Bumbire

Vitabu vya Kiingereza tulivyosoma shule ya msingi vilikuwa na majira manne, na mwalimu alipofika kwenye lile la maua na vifaranga alilitafsiri "masika", akaendelea na somo. Hakuna aliyebisha. Lakini mwambie mtoto wa Bukoba kwamba masika ndiyo majira ambayo watu hutoka nje kuota jua, atakushangaa, maana masika ya kwetu ni ya kukimbilia ndani na kuanua nguo. Mji huu hupata karibu milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na Aprili hujipakulia kuliko mwezi mwingine wowote.

Pamoja na hayo, kama kuna mahali Afrika Mashariki ambapo tafsiri ile inakaribia kuwa kweli, ni hapa. Ikinyesha usiku kucha na kukatika alfajiri, mji huamka umeoshwa. Mto Kanoni huteremka mwekundu na kuingia ziwani, na kwa muda unaona mpaka, maji ya udongo upande huu na maji ya ziwa upande ule. Kisiwa cha Musira kilicho mbele ya mji hutokeza kwenye ukungu, kikapotea, kikatokeza tena. Wauzaji wa kahawa ya kutafuna huvitoa vifurushi vyao vya majani makavu ya migomba; ukinunua kimoja, ukatia buni mbili mdomoni, unaweza kutembea mpaka ufukweni bila haraka ya mtu yeyote. Kwenye vibanja vya pembeni ya mji migomba imefungua majani mapya ambayo upepo haujayachana bado. Waendesha bodaboda wamejibanza barazani mwa maduka wakigombana kuhusu Kagera Sugar. Mambo madogo haya, na kila mwaka nayangoja.

Halafu wapo senene. Msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba, wakati wa vuli, lakini hurudi tena Aprili mpaka Mei, kwa uchache, kama mgeni aliyesahau mwavuli. Mjini siku hizi ni biashara: taa kali, mabati yaliyosimamishwa wima, mapipa chini yake, senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza ndani ya pipa. Vijana hukesha. Wenye nyumba za jirani hulalamika kwamba hawapati usingizi kwa mwanga, na asubuhi wanaolalamika ndio wa kwanza kuja na bakuli.

Bibi yangu hakuwahi kuona mapipa hayo. Kwao walikwenda rweya, yaani zile mbuga za nyasi zilizo nje ya vibanja, kabla jua halijatoka, umande ukiwa bado umewalaza wale wadudu. Wanawake na watoto ndio waliookota, wakapasua mbawa na miguu, wakakaanga. Wanaume ndio waliokula. Mwanamke wa Kihaya wa zamani hakuruhusiwa kuonja, na malipo yake, kwa maneno ya bibi, yalikuwa nguo mpya kutoka kwa mume aliyeshiba. Mimi ninakula, na nguo ninajinunulia. Sioni hasara.

Nimeyasema haya mapema kwa makusudi, kwa sababu ninataka kuzungumzia Bumbire, na mtu anayeisoma Bumbire vitabuni haoni hata moja kati ya hayo.

Bumbire ni kisiwa kikubwa kusini mwa Bukoba, ndani ya Wilaya ya Muleba. Kina vilima vya nyasi, migomba, mialo ya wavuvi. Kaka yangu anafanya biashara ya dagaa huko. Ukitaka kujua masika ya kisiwani yanavyofanana, muulize yeye: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kisha huanikwa asubuhi juu ya nyavu na mchanga, na mvua ya Aprili haimwonei huruma mtu. Ikinyesha siku mbili mfululizo, mzigo unabadilika rangi, bei inaanguka, na kinachobaki ni chakula cha kuku. Kwa hiyo furaha ya masika kule ina jicho moja angani. Watu wanaimba, huku turubai likiwa karibu na mkono.

Mwanawe anaishi nami hapa mjini, yuko kidato cha pili. Mwaka jana waliambiwa kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu historia ya mahali alipozaliwa. Akaazima simu yangu, akaandika jina la kisiwa kwenye intaneti, akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasema, "Shangazi, kumbe sisi ndio tulipigwa na Stanley?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa nini hatukuambiwa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia alete daftari.

Habari yenyewe inajulikana kwa sababu aliyeitenda ndiye aliyeiandika. Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo Novemba 1874 na msafara wa watu zaidi ya 300, akafika kusini mwa ziwa Februari 1875. Alikuwa na mashua iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vya kubebwa mabegani, inayoitwa Lady Alice, jina la msichana aliyekuwa amemchumbia. Machi 8 akaishusha majini karibu na Mwanza, yeye na mabaharia 11, akaanza kulizunguka ziwa. Alipotoka Buganda kwa Kabaka Mutesa akashuka na pwani ya magharibi, pwani yetu. Tarehe 28 Aprili akaingia kwenye ghuba ya Bumbire kutafuta chakula. Njaa ilikuwa imewabana.

Ngoja nisimame hapo kwenye tarehe, maana wengi huipita. Tarehe 28 Aprili ni masika yaliyokomaa. Migomba imejaa. Maharage yako shambani. Mchana una jua la ghafla na mvua ya ghafla. Kama kulikuwa na senene mwaka ule, huu ndio ungekuwa wakati wao, na kama walitua kisiwani usiku uliotangulia, basi alfajiri hiyo wanawake na watoto walikuwa kwenye nyasi za vilimani wakiinama na kuinuka. Hilo la senene siwezi kuliapia. Ninachoweza kusema ni kwamba watu waliomwona Stanley akija hawakuwa wamekaa ufukweni wakimsubiri awaingize kwenye kitabu. Walikuwa na asubuhi yao.

Kijana wangu aliandika sentensi hiyo ya mwisho daftarini bila kuniomba ruhusa.

Anavyosimulia Stanley, wenyeji waliiburuta mashua mpaka juu ya nchi kavu, wao wote wakiwa ndani yake. Wakazunguka na mikuki na mishale. Yakaanza mazungumzo ya saa nyingi, nguo na shanga zikatolewa, kisha makasia yakachukuliwa. Kwa mgeni, kuchukuliwa makasia ni hukumu ya kifo. Kwa mwenyeji anayeishi kisiwani, ambaye adui zake wote huja kwa maji, na ambaye mitumbwi ya Waganda huiona ikipita, kumnyang'anya makasia mtu asiyemjua ni tahadhari ya mtu mwenye akili. Simtetei mtu aliyekufa miaka mingi kabla sijazaliwa. Nasema tu kwamba Stanley hakujiuliza. Aliandika kwamba ni washenzi, akapita. Na ni kweli huenda walikusudia kumuua. Sisi tuna upande mmoja tu wa kesi.

Alasiri akaamua kutoroka. Akamtuma nahodha wake, Safeni, apande kuelekea walipo wenyeji akiwa na nguo mkononi, kama mtu anayekwenda kupatana bei, huku wenzake wakijiandaa kuisukuma mashua. Ilipoanza kuteleza akamwita. Safeni akatimua mbio, akajitupa majini. Stanley akafyatua bunduki, kwanza kwa waliomfukuza Safeni, kisha kwa waliokuja na mitumbwi, akaitoboa kwa risasi za kuwindia tembo. Wale mabaharia, wakiwa hawana makasia, waling'oa mbao za sakafu ya mashua wakapigia maji.

Ikafuata dhoruba, na usiku, na siku nyingine. Walikuwa na ndizi nne kwa watu 12. Kila ninapofika hapo husimama. Ndizi nne, kwenye ziwa ambalo kila ufukwe wake upande huu umefunikwa na migomba, mwezi wa Aprili. Hatimaye walifika kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu, wakapata cha kula, naye akakipa jina lenye maana ya kimbilio.

Wale 11 walikuwa Waungwana, watu wa Unguja na mwambao. Stanley aliongea nao Kiswahili, na wao kwa wao waliitana, wakatukanana na kuomba dua kwa Kiswahili. Hili linanigusa kuliko maneno ya Stanley, kwa sababu ni kwa lugha hii ninaandika. Tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili kilituunganisha, na mimi niliyesoma na Wasukuma, Wachaga na Wamakonde najua kwamba ni kweli. Lakini siku ile kilishuka Bumbire kikiwa na njaa, kikaondoka kikikimbia, na miezi mitatu baadaye kikarudi na bunduki. Waliosema "piga kasia" Aprili ndio waliokuwa tayari kufyatua risasi Agosti. Nao hawakuwa mabwana wa safari ile. Walikuwa watu wa mshahara, mbali na kwao, wakizikwa njiani mmoja mmoja. Safeni mwenyewe alivuka bara zima, na mwaka 1877, bahari ya upande wa pili ikiwa karibu, akarukwa na akili. Alimuaga Stanley, akamweka kasuku wake begani, akaingia msituni. Walimtafuta, hawakumpata.

Kijana aliuliza kasuku alikuwa wa rangi gani. Sijui. Wa Kongo wengi ni wa kijivu.

Sasa Agosti. Stanley alikuwa anarudi Buganda na msafara wake wote, na njia ilipita mbele ya Bumbire. Safari hii alikuwa na mitumbwi ya Waganda aliyotumiwa. Kabla ya vita alikwisha mkamata mtawala wa kisiwa, ambaye anamwita Shekka. Watu wa kisiwa jirani cha Iroba walilazimishwa kumleta, baada ya mtawala wao wenyewe kushikwa. Yaani mtu aliyemdai alikuwa tayari yuko kwenye minyororo kambini kwake. Kisha Waganda walikwenda Bumbire kutafuta chakula, wakashambuliwa, mtu akauawa, wengine wakajeruhiwa. Hiyo ikawa sababu, au kisingizio, chagua mwenyewe.

Tarehe 4 Agosti 1875 alitoka na mitumbwi 18 na watu 280, bunduki 50 na wengine mikuki, na bendera mbili, ya Marekani na ya Uingereza. Agosti ni kiangazi. Nyasi za vilima ni fupi na kavu, hakuna pa kujificha. Alipanga mitumbwi mstari mmoja mbele ya ufuko, umbali ambao mshale na jiwe la kombeo havina nguvu lakini risasi inafika. Hakushuka nchi kavu. Walisimama majini na kupiga walioko ukingoni, wakisogea karibu, wakirudi nyuma, mpaka basi. Katika barua aliyoituma gazetini aliandika kwamba walihesabiwa maiti 42 na kwamba zaidi ya 100 walionekana wakiondoka wamejeruhiwa. Upande wake, wawili waliumizwa na mawe. Wapo wanahistoria wanaosema alitia chumvi, kwa sababu wasomaji wake walipenda chumvi. Inawezekana. Lakini mtu anayejisifia 42 hadharani, hata kama walikuwa nusu yake, ameshakueleza yeye ni nani.

Na tazama alivyochagua kupigania majini. Kama angeshuka, angelazimika kuona: jiko ambalo moto wake haujazimwa, mtego wa samaki uliofumwa nusu, pombe ya ndizi inayoiva kwenye mtumbwi wake. Kutoka kwenye mtumbwi kisiwa ni mstari wa watu wadogo juu ya nyasi.

Barua zilipochapishwa, mwaka 1876, London ilichafuka kidogo. Vyama vya kutetea wenyeji na vya kupinga utumwa vililaani. Henry Hyndman na Kanali Henry Yule walilipeleka jambo lile mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia wakitaka kilaani rasmi. Hawakufanikiwa. Kitabu cha Stanley kikatoka 1878 na kuuzwa sana, na Bumbire ikabaki neno la mabishano ya Waingereza, la kupima kama mpelelezi fulani ni shujaa au muuaji. Mpaka leo ukilitafuta jina la kisiwa, ndiyo kesi unayokutana nayo. Watu wa kisiwa wamo kama idadi.

Miaka 15 baadaye, Novemba 1890, Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kuokolewa na Stanley huyuhuyu, alijenga kituo cha Wajerumani hapa Bukoba, na mji ukaanzia hapo. Novemba ni senene. Nimejiuliza mara nyingi kama kuna mtu aliyempelekea bakuli.

Kijana alikaa na daftari siku mbili. Nilitegemea ataandika vita, kwa sababu walimu hupenda tarehe. Aliziandika zote mbili, Aprili na Agosti, kwa mistari sita hivi. Ukurasa uliobaki aliujaza na vitu anavyovijua: upepo wa asubuhi unaotoka bara na wa mchana unaotoka ziwani, namna baba yake anavyonusa hewa kabla ya kuanika dagaa, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu kama moshi wa nguzo nzima, ambao wageni hudhani kweli ni moshi, kuogelea mvua ikinyesha, kwa sababu maji ya ziwa huwa ya moto kuliko mvua. Kichwa alichokiandika ni "Bumbire kabla ya saa tatu asubuhi". Akapata alama 11 kati ya 20, na maelezo kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya mada. Alikasirika kidogo. Mimi nilikasirika zaidi, ila sikumwonyesha.

Jumapili yake tulimpigia simu baba yake. Mtandao wa kisiwani unahitaji upande kilimani, kwa hiyo mazungumzo yetu huwa na kuhema ndani yake. Nikamuuliza kama wazee wa huko wanayo hadithi yoyote ya mzungu na mitumbwi.

"Dada, wazee wa huku wengi wamekuja kuvua, kama mimi," akasema. "Wenyeji wenyewe wapo, ila ukisema mwaka wa msiba hapa, watu wanajua unasema 1996."

Alimaanisha MV Bukoba, iliyozama Mei 21 mwaka ule karibu na Mwanza, na mamia ya watu wa mkoa huu ndani yake. Hakuna familia ya pwani hii isiyo na jina la mtu. Sisi tunalo letu. Tulinyamaza kidogo, upepo ukivuma kwenye simu yake.

Kijana akachukua simu, akamsomea baba yake ukurasa wote, pamoja na zile alama 11. Baba yake akamsahihisha sehemu moja tu: upepo wa mchana wakati wa masika hauaminiki, asiuandike kama saa ya ukutani. Kisha akasema senene wameshuka usiku wa jana, si wengi, lakini wanawake wa mwaloni walitoka alfajiri na wamempa ndoo ndogo, na ataituma kwa mtumbwi wa Jumanne kama ziwa litakubali.

Ziwa lilikataa Jumanne. Ndoo ilifika Alhamisi, imefunikwa kwa kitenge na kufungwa kwa kamba ya nyavu, nusu ya senene wakiwa wameshakufa na nusu bado wanakwaruza. Tukakaa barazani mimi na yeye, mvua ikigonga bati, tukapasua mbawa mpaka vidole vikawa vya kijani.